Maji Mafu na Bamvua: Familia za Nachingwea na Ruangwa Zifuate Mwezi Mwandamo Hadi Kwenye Matumbawe

Kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Waislamu wa Nachingwea na Ruangwa hutazamwa kwa ajili ya Ramadhani, Idi mbili, Maulidi na funga za masiku meupe, yaani tarehe 13, 14 na 15 za kila mwezi. Ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba kalenda hiyo hiyo ni jedwali la maji ya bahari. Mvuvi wa Lindi, Mikindani au Msimbati hahitaji kitabu kumweleza ni lini bahari itakupwa hadi mwamba uonekane, na ni lini itatulia. Hutazama mwezi ulipofikia, akajua.

Elimu hii ina faida kubwa kwa familia zinazoishi bara ya mkoa wa Lindi. Pwani haiko mbali nasi kwa mwendo wa gari la siku moja, na mbele ya pwani hiyo kuna matumbawe ambayo watu husafiri kutoka mabara mengine kuja kuyatazama. Hata hivyo, si ajabu kumkuta kijana wetu aliyemaliza darasa la saba bila kuiona bahari. Na familia zinazokwenda, nyingi huenda siku ya Idi, katika msongamano, bila kujua maji yako katika hali gani. Watoto huingia majini bila mtu aliye karibu nao, akina mama hubaki ufukweni wakilinda mabegi na vyungu, na wanaofika mwambani hukanyaga matumbawe wakidhani ni mawe. Safari ya namna hiyo huhatarisha uhai wa watoto, huwanyima akina mama haki yao ya kustarehe, na huharibu kile kile tulichokwenda kukitazama.

Makala haya yanaeleza namna familia ya Kiislamu inavyoweza kuifanya safari hiyo kwa elimu, kwa sitara na kwa usalama, ikiongozwa na mwezi.

Njia ya misafara

Njia ya kutoka bara hadi pwani ya kusini si mpya. Karne ya 18 na ya 19 misafara ya Wayao ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa kuelekea Kilwa, Lindi na Mikindani, ikibeba pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, binadamu waliotekwa ili wauzwe. Historia hiyo haifai kufichwa. Lakini ni kwa njia hizo hizo pia Uislamu, herufi za Kiarabu na mila za pwani zilipanda hadi bara, na madrasa zikasimama katika vijiji vilivyo mbali na mawimbi.

Baadaye ikaja reli. Mpango wa Waingereza wa kulima karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, uliifanya Nachingwea kuwa mojawapo ya vituo vyake vikuu. Reli ilijengwa kuiunganisha Nachingwea na bahari, na bandari ya kina kirefu ya Mtwara ikajengwa kwa matarajio ya kusafirisha karanga. Karanga hazikupatikana kama ilivyotarajiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa, na vyuma vyake vikang'olewa.

Leo msafara wa familia hupita barabarani. Kutoka Nachingwea mtu aweza kupitia Ruangwa hadi Nanganga, ambako huikuta barabara kuu itokayo Masasi. Kisha huteremka kupitia Nyangao na Mtama hadi Mnazi Mmoja ya Mingoyo. Hapo njia hugawanyika: kushoto ni Lindi mjini na mbele zaidi Kilwa, kulia ni Mikindani na Mtwara. Familia mbili au tatu zikichanga na kukodi basi dogo moja, gharama hupungua, akina mama hupata wenzao wa kusaidiana, na wanaume huweza kupokezana ulinzi wa watoto majini. Neno msafara hapo hurudi kwenye maana yake njema.

Mwezi unavyoyaongoza maji

Bahari yetu hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa muda wa saa 24 na dakika zipatazo 50. Kwa sababu ya dakika hizo 50, kila siku maji huchelewa kuliko siku iliyotangulia, kama mwezi wenyewe unavyochelewa kuchomoza.

Mwezi ndio unaoyavuta maji zaidi, na jua husaidia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja, na mivuto miwili hushirikiana. Hapo hutokea bamvua: maji hujaa sana na kukupwa sana, na katika pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kuzidi mita tatu. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hupingana, na hutokea maji mafu. Bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, na mikondo yake hupungua nguvu.

Sasa tuiweke hesabu hiyo kwenye kalenda ya Hijria. Bamvua huwa kali siku ya kwanza hadi ya tatu ya mwezi, na tena siku ya 15 hadi ya 17, mara tu baada ya masiku meupe. Maji mafu huwa siku ya 8 hadi ya 10, na tena siku ya 22 hadi ya 24. Tofauti ya siku moja ya kuandama kwa mwezi, ambayo kila mwaka hutuzulia mjadala mrefu, haiharibu hesabu hii, kwa kuwa bamvua na maji mafu kila moja huchukua siku kadhaa.

Saa nazo zinajulikana. Katika pwani ya Lindi na Mtwara, siku za bamvua maji hukupwa kabisa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kiasi cha saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: asubuhi kiasi cha saa tatu au saa nne maji huwa yamejaa, na hukupwa alasiri.

Kutokana na hayo, familia inaweza kushika kanuni moja nyepesi: maji mafu kwa kuogelea, bamvua kwa kutembea.

Siku za maji mafu, asubuhi, maji huwa yamefunika matumbawe vizuri. Mkondo huwa dhaifu na mara nyingi maji huwa meupe kwa kuwa mchanga hautifuliwi. Mwogeleaji huelea juu ya mwamba bila miguu yake kuugusa. Huo ndio wakati wa wanaoanza, wa watoto na wa akina mama. Saa tatu hadi saa tano asubuhi zinatosha kwa shughuli yote, na watu hutoka majini mapema kabla ya Adhuhuri.

Siku za bamvua, asubuhi, bahari hurudi nyuma sana na kuacha vidimbwi na njia za mchanga. Wakati huo akina mama wa pwani huteremka na fimbo zao kutafuta pweza na kombe. Mgeni anaweza kutembea kwenye mchanga na kutazama vidimbwini, akiwa na mwenyeji. Lakini ajue kwamba maji ya bamvua yakianza kurudi huja kwa kasi, na huweza kujaza njia iliyo nyuma yake kabla hayajamfikia alipo. Anayekwenda mwambani hugeuka kurudi mara maji yanapoanza kusimama, wala hangoji yaanze kujaa.

Juu ya hesabu yote hii, neno la mwisho ni la nahodha mwenyeji. Upepo waweza kuchafua bahari hata siku ya maji mafu. Nahodha akisema leo hakuendeki, basi hakuendeki, hata kama nauli imekwisha kulipwa.

Korosho, ufuta na pepo mbili

Kwa familia za wakulima, safari hutegemea mazao. Korosho huuzwa kwa mnada kuanzia Oktoba hadi karibu na mwisho wa mwaka, na ufuta huuzwa katikati ya mwaka, kupitia vyama vya ushirika kama RUNALI, ambacho jina lake limeunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Kwa bahati njema, misimu hiyo miwili hukaribiana na likizo za shule za Juni na Desemba.

Likizo hizo mbili hazifanani baharini. Juni hadi Agosti ni wakati wa kusi, upepo mkali utokao kusini, na upande wa bahari kuu huwa na mawimbi. Likizo ya Juni inafaa zaidi kwa ziara za nchi kavu na kwa ghuba zilizofungwa, kama ile ya Mikindani. Kusi likipungua, Oktoba na Novemba bahari hutulia, kisha kaskazi huanza kuvuma. Huo ndio wakati mwema wa kutazama matumbawe, ingawa mvua za kusini zikikolea mito ya Lukuledi na Ruvuma hushusha tope na kuyatia maji weusi karibu na midomo yake. Basi safari ya Desemba na ifanywe mwanzoni mwa likizo, kabla mvua hazijashika.

Sehemu ya fedha za korosho ikitengwa mapema, hata kwa kibubu cha nyumbani, safari hii haitagombana na ada za shule wala na mbegu za msimu ujao. Wala si lazima iwe ya kila mwaka. Mara moja katika utoto wa mtoto ni bora kuliko kukosa kabisa.

Kilicho chini ya maji

Kusini mwa mji wa Mtwara, kupita Madimba na Mngoji hadi Msimbati, iko Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Ilianzishwa mwaka 2000 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 650, zikiwemo bahari, mikoko, visiwa na vijiji vya watu. Zaidi ya aina 250 za matumbawe zimeorodheshwa humo. Sehemu za Msimbati na Ruvula zina mwamba ulio karibu na ufuko, kiasi kwamba mwogeleaji hahitaji kwenda mbali. Hii ni hifadhi ya taifa la Tanzania, na ina taratibu na ada zake. Familia iulize kwanza ofisi ya hifadhi na serikali ya kijiji, ipate kibali na mwongozaji, kisha ndipo iingie majini.

Watoto waelezwe mapema watakachokiona. Tumbawe si jiwe wala si mmea. Ni makazi ya maelfu ya wanyama wadogo laini, ambao hujijengea nyumba za chokaa wanayoitoa katika maji ya bahari. Ndani ya miili yao huishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, inayopata hifadhi na kulipa kwa chakula. Rangi nyingi za matumbawe hutokana na mimea hiyo. Tumbawe la matawi huweza kukua sentimita 10 kwa mwaka, lakini lile la duara, kama jabali, hukua kiasi cha sentimita moja au pungufu. Jabali la tumbawe lenye kimo cha mita mbili huenda lilianza kukua kabla ya babu wa babu zetu. Teke moja la kiatu hulivunja tawi lililochukua miaka.

Miamba hii hujaza sehemu ndogo sana ya sakafu ya bahari duniani, isiyofika hata asilimia moja, lakini robo ya aina za viumbe wa baharini huitegemea. Hapo mtoto atamwona pono akiguguna mwamba kwa meno yake, na atafurahi kuambiwa kwamba sehemu ya mchanga mweupe aliokuwa akichezea ufukweni ilipita tumboni mwa pono. Atamwona changu, chewa akiwa amejificha pangoni, viti vya pweza, jongoo bahari, na akijaaliwa, kasa akipita taratibu. Sura ya Ar-Rahman inataja lulu na marijani miongoni mwa neema zitokazo baharini. Mtoto aliyeihifadhi sura hiyo madrasani akiyaona matumbawe kwa macho yake, hifdhi yake hupata sura nyingine.

Sitara si kizuizi

Mara nyingi safari ya baharini huwa ya wanaume na watoto, na mama hubaki mtazamaji. Sababu inayotolewa ni sitara. Sababu hiyo ni ya haki, lakini dawa yake si kumzuia mama, bali ni kuandaa mambo.

Kwanza ni vazi. Baibui, dera au kanga havifai majini. Vikilowa huwa vizito, hujikunja miguuni na huweza kumzamisha hata anayejua kuogelea. Linalofaa ni vazi la kuogelea linalofunika mwili na kichwa, lenye kitambaa chepesi kisichonyonya maji, na juu yake kanzu fupi isiyobana ya kitambaa hicho hicho. Fundi cherehani wa mjini anaweza kulishona akionyeshwa mfano. Vazi la namna hiyo lina manufaa zaidi ya sitara. Humkinga mtu na jua, na yavuyavu wawashao, na kukwaruzwa na mwamba. Pia humpunguzia haja ya kujipaka mafuta ya kuzuia jua, ambayo baadhi yake yana kemikali zinazodhuru matumbawe. Wanaume nao wakumbuke kwamba uchi wao, baina ya kitovu na magoti, haukuruhusiwa kuonekana kwa sababu tu wako ufukweni.

Pili ni mahali na wakati. Fuko za kusini ni ndefu na siku za kawaida hazina watu wengi. Familia ikifika asubuhi ya siku isiyo ya sikukuu, ikachagua sehemu iliyojitenga, akina mama wataingia kwa zamu yao huku maharimu wao wakiwa karibu. Na kwa kuwa akina mama wa pwani wanaujua mwamba kwa kutafuta pweza, ni busara kumlipa mmoja wao awe mwongozaji wa wanawake. Atapata riziki, na wageni watapata mwalimu.

Katika kijiji cha Nungwi, Unguja, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili. Yaliyowezekana Nungwi yanawezekana Msimbati na Mikindani.

Kuogelea ni elimu

Katika hadithi aliyoipokea Imamu An-Nasai, kujifunza kuogelea kumetajwa miongoni mwa mambo machache yasiyohesabiwa kuwa upuuzi. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na watoto ni miongoni mwa wanaoathirika zaidi. Mtoto wa bara yuko katika hatari ya pekee, kwa kuwa hajui kwamba bahari iliyomfika kiunoni saa tatu huweza kumfika kifuani saa tano.

Maandalizi yaanze nyumbani. Miwani ya maji na mrija wa kupumulia vinunuliwe mapema, na kila mtu ajaribu vyake. Miwani ikibandikwa usoni bila mkanda, kisha mtu akavuta pumzi kwa pua, inapaswa kunata. Ikidondoka, si saizi yake. Mtoto aweza kujifunza kupumua kwa mdomo kupitia mrija huku uso ukiwa ndani ya beseni la maji uani. Anayezoea beseni hatababaika baharini. Mate kidogo yakisuguliwa ndani ya kioo, kisha kikasuuzwa, huzuia ukungu.

Baharini, kila mtu asiyejua kuogelea avae jaketi okozi linalomkaa sawasawa. Kuelea kifudifudi na jaketi, uso majini na mrija juu, kunatosha kabisa kuutazama mwamba, wala hakuna haja ya kuzama. Kila mtoto awe na mtu mzima mmoja wake, kwa umbali wa mkono kumfikia. Mtu mmoja mwenye macho makali abaki ufukweni akihesabu vichwa, asiwe na simu mkononi. Zamu ya kwanza isizidi nusu saa.

Watoto wafundishwe kutogusa chochote. Kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu inayovunjikia ndani ya mguu, kuna samaki wa mawe mwenye sumu kali mgongoni anayefanana na jiwe, na kuna kombe zenye umbo la pia ambazo hutoa mwiba wa sumu. Sheria ya mkono mtupu humlinda mtoto, na hulilinda tumbawe.

Sala na qibla

Safari ya kutoka Nachingwea au Ruangwa hadi Lindi au Mtwara inazidi masafa ya kufupisha sala, ambayo wanazuoni wengi wa Kishafii huyakadiria kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Msafiri akishatoka nje ya mji wake huruhusiwa kuziswali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na kuikusanya Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Isha. Magharibi na Alfajiri hazifupishwi. Anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili tangu afikapo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake kabla ya kuondoka, si njiani.

Maji ya bahari ni tohara na hufaa kwa udhu, kama alivyofundisha Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mabaharia. Na qibla katika pwani hii ni rahisi kuliko mahali pengi duniani. Lindi na Mtwara ziko karibu katika mstari mmoja na Makka, kusini yake. Kwa hiyo anayeelekea qibla huelekea kaskazini, na jua humchomozea mkono wa kulia, upande wa bahari kuu. Baba anaweza kumwachia mtoto kazi ya kuitafuta qibla kwa jua, na mtoto huyo hataisahau jiografia hiyo.

Amana iliyo mikononi mwa watu wa bara

Familia yenye siku ya ziada inaweza kupanda kaskazini hadi Kilwa Masoko na kuvuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani, mji aliouzuru Ibn Battuta mwaka 1331. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Humo umo Msikiti Mkuu, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mafundi wa zama hizo walijua kwamba aina fulani ya tumbawe likitolewa baharini huwa laini, huchongeka kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kwa tumbawe hilo walichonga mihrabu na mapambo. Wahenga wetu walisujudu ndani ya nyumba zilizojengwa kwa mwamba wa bahari.

Lakini walikuwa wachache, na mwamba ulikuwa mwingi. Zama zetu zimepindua mizani. Ghuba ya Mikindani imewahi kuchimbwa matumbawe hai kwa ajili ya matanuri ya chokaa. Miaka ya 1980 na 1990 pwani ya Lindi na Mtwara iliumizwa vibaya na uvuvi wa baruti, ambao huua samaki wakubwa na vifaranga kwa pamoja na kuuacha mwamba ukiwa kifusi. Juu ya kifusi kinachosogezwa na maji, tumbawe changa halishiki, na huchukua miongo mingi mahali hapo kupona. Mwaka 1998 joto la bahari likapanda, matumbawe yakaitema mimea iliyo ndani yake, yakawa meupe, na sehemu kubwa ya miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, ikiwemo ya Mafia, ikafa. Kupauka kama huko kumerudia tena tangu hapo, na mwaka 2024 kulitangazwa kuwa kunaikumba dunia nzima.

Joto la dunia haliko mikononi mwa familia moja. Baruti na chokaa viko mikononi mwetu zaidi ya tunavyodhani, kwa sababu samaki wa pwani hupanda kuuzwa katika masoko ya bara, na chokaa nayo hupanda. Samaki wa baruti huweza kutambulika: mfupa wa mgongo umevunjika, damu imevilia ndani, na nyama imelegea isivyo kawaida. Mnunuzi wa Nachingwea anayemkataa samaki wa namna hiyo huwa ameulinda mwamba bila kutoka nyumbani. Na kamati ya msikiti inayopaka kuta zake kwa ajili ya Ramadhani ina haki na wajibu wa kumuuliza muuzaji: chokaa hii imechomwa kutokana na nini? Nyumba ya Mwenyezi Mungu haihitaji kupendezeshwa kwa uharibifu wa viumbe Wake.

Hapa ndipo safari ya familia inapopata uzito wake. Mtu hakilindi asichokijua. Mtoto aliyeelea juu ya mwamba akamwona pono kazini, akikua na kuwa mnunuzi, mfanyabiashara au diwani, atakuwa na picha moyoni mwake pindi litakapotajwa neno baruti. Mama aliyeingia majini kwa sitara yake hatamwogopesha binti yake na bahari, bali atamfundisha kuiheshimu. Na wenyeji wa Msimbati wakiona kwamba mwamba mzima huwaletea wageni wenye adabu, wanaolipa mwongozaji, wanaonunua chakula na wanaoondoka na taka zao, watakuwa na sababu nyingine ya kuwakatalia wenye baruti.

Basi, ndugu msomaji, fungua kalenda ya Hijria iliyo ukutani mwako. Itafute tarehe 8 au 22 inayoangukia likizo ya watoto. Izungumze na mwenzako wa ndoa na jirani mmoja. Nunueni miwani, mwiteni fundi cherehani, lijazeni beseni maji, na anzeni kufundishana kupumua. Mwenyezi Mungu atujaalie safari za salama, atuhifadhie watoto wetu, na atufanye waangalizi wema wa alichotuwekea amana baharini na nchi kavu. Wabillahi tawfiq.